Mnavu Bila Maziwa

Mazungumzo ya leo yanahusu sufuria moja, ile ya mnavu ulioungwa kwa maziwa. Wanunuzi wa Nairobi huuita managu, na mwenzake mgagani huuita saga. Huko Kisii, Kakamega, Bomet na kandokando ya Ziwa Victoria, mboga hizi kwa desturi hazipikwi na kuliwa papo hapo. Huchemshwa, maji yake machungu yakamwagwa, kisha zikatiwa maziwa au malai na kuachwa zilale. Kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa kidogo, na wako wapishi ambao hawakubali kwamba zimeiva mpaka siku ya pili au ya tatu. Kando ya ugali wa wimbi, hicho ni kitoweo cha kumkaribishia mkwe. Lakini mapishi hayo yamehamia mjini, ambako hakuna ng'ombe uani wala siku tatu za kungoja, na mara nyingi mahali pa maziwa yale pamekaliwa na krimu nzito ya dukani, inayomiminwa kikombe kizima dakika tano kabla ya kupakua.

Si ajabu basi kwamba sasa wapo watu wanaotafuta namna ya kuipika mboga hiyo hiyo iwe nyepesi na isiwe na maziwa kabisa. Wengine wameambiwa na daktari wapunguze mafuta, wengine maziwa huwavuruga tumbo, wengine wamefunga, wengine wameacha vyakula vyote vya wanyama. Nia yao ni njema, ila wakifika jikoni wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoyaondoa maziwa wasitie chochote, wakaambulia mboga chukuchuku, chungu, isiyoteremka kooni, na watoto wakaisusa. Na wapo wanaomwaga tui zito la nazi badala ya krimu, wakatangaza kwamba leo wamepika chakula chepesi. Naona wote wamekosea, na kosa lao ni moja: hawakujiuliza maziwa yalikuwa na kazi gani mle sufuriani. Yalikuwa yanapoza uchungu, yanaipa mboga mafuta, na yanaupa mchuzi uzito wa kushikana na tonge. Kila moja ya kazi hizo ina njia nyingine ya kufanyika. Mpishi akizitafutia njia moja moja, anaweza kuacha krimu yote na kubaki na mboga ambayo mtu ataiomba tena.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu maziwa yenyewe, maana katika jambo hili watu hutia chumvi sana. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo wao wa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, hupungua baada ya utoto. Lakini Afrika Mashariki si mahali pa kulisema hilo kwa jumla. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa huku zina mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba, tofauti na yale ya Wazungu, yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila taabu. Mabadiliko hayo yalienea pamoja na ufugaji katika miaka 7,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo kwenye meza moja ya mjini unaweza kumkuta mmoja anakunywa lita akalala fofofo, na jirani yake kikombe kimoja kinamnyima usingizi. Na hata huyo wa pili, mara nyingi kiasi kidogo hakimdhuru, hasa kikiwa maziwa mgando, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Mtu ambaye shida yake ni laktosi tu hana sababu ya kuiogopa mboga iliyotiwa vijiko viwili vya mala, yaani hayo maziwa mgando. Wenye haja ya kweli ya sufuria isiyo na maziwa ni wengine: mwenye mzio wa protini za maziwa, ambaye kugandisha hakumsaidii kitu, aliyefunga, na asiyekula cha mnyama. Wepesi wa chakula nao ni suala la kila mtu anayetumia krimu, hata kama tumbo lake ni la chuma.

Sasa tuje kwenye uchungu, ambao ndio kiini cha mboga hizi. Sehemu kubwa ya ukali wa mgagani hutokana na tanini na kemikali nyingine ambazo mmea hujikinga nazo. Protini kuu ya maziwa, kaseini, huzinasa tanini hizo zisiufikie ulimi, kama inavyotokea kwenye chai: ya rangi, ikikolea, hukausha mdomo, na ukitia maziwa ukavu ule hupungua. Ndiyo maana mboga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha huamka imepoa. Mafuta nayo huutandika ulimi, uchungu ukapungua makali. Lakini mpishi ana silaha nyingine, na ya kwanza ni chumvi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, Breslin na Beauchamp, walieleza katika jarida la Nature kwamba chumvi huzima uchungu, na kwa kuuzima huziachia ladha nyingine nafasi ya kujitokeza. Hii haimaanishi ujaze chumvi. Ile ile unayotia kila siku inafanya kazi zaidi ya unavyodhani, na mboga isiyotiwa chumvi kabisa itaonekana chungu kupita ilivyo. Silaha ya pili wapishi wa magharibi mwa Kenya wanaijua zamani: kuchanganya majani. Mgagani huchanganywa na kunde, mnavu na mchicha, na mrenda nao huingizwa ili kulainisha. Sehemu moja ya majani machungu kwa mbili za majani mapole hupunguza ukali bila kuongeza hata tone la mafuta. Ya tatu ni kumwaga maji ya kuchemshia, na hapo ninaweka tahadhari, kwa sababu maji yale huondoka na vitamini C na foleti pia. Mgagani ukiwa mkali kweli, mwaga mara moja, usirudie. Mnavu mchanga hauhitaji hata hiyo mara moja. Na magadi, ambayo hulainisha majani na kuyaachia rangi ya kijani, huiharibu hiyo hiyo vitamini C, kwa hiyo kwa majani laini nisingeyatumia.

Kwenye mafuta ndipo ubishi ulipo mkali. Kuna fikra kwamba chakula chepesi ni kile kisicho na mafuta kabisa, na kwamba mboga za majani zikipikwa hivyo ndipo zinapokuwa dawa. Ushahidi unasema vingine. Rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani cha majani, beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta na wala si katika maji. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, waliwalisha watu kachumbari ya majani, karoti na nyanya, mara nyingine kwa kiungo kisicho na mafuta, mara nyingine chenye gramu 6 za mafuta, na mara nyingine chenye gramu 28. Kachumbari isiyo na mafuta iliingiza mwilini karotini kidogo mno hata ikawa kama hakuna. Aliyekula mboga chukuchuku kwa ajili ya afya, tena na ugali mtupu, amejinyima sehemu kubwa ya alichokuwa anakitafuta. Mtetezi wa krimu atadakia hapo: si utafiti huo huo ulionyesha kwamba gramu 28 zilifanya vizuri kuliko 6? Ulionyesha, ndiyo. Ila ile ilikuwa mboga mbichi, na jani bichi huing'ang'ania karotini yake ndani ya seli. Jani lililokatwakatwa na kuiva huiachia kwa urahisi zaidi, na wataalamu wa lishe kwa kawaida hukadiria kwamba gramu 3 hadi 5 za mafuta katika mlo zinatosha.

Tupige hesabu basi, maana neno nyepesi bila hesabu halina maana. Kikombe cha krimu nzito kina zaidi ya gramu 80 za mafuta na kalori kama 800. Wakila watu wanne, kila mmoja amepata gramu 20 kutoka kwenye mboga peke yake, kabla hajagusa nyama. Kikombe cha tui zito la nazi kina zaidi ya gramu 50, na karibu yote ni mafuta ya aina ile ile iliyomo kwenye siagi na samli, ambayo madaktari wa moyo hututaka tuyapunguze. Tui halina maziwa, hilo ni kweli, lakini uzito wake ni jamaa wa uzito wa krimu. Mpwani anayeunga mchicha wake kwa tui jepesi, lile la kamuo la pili au la tatu, yuko salama zaidi kuliko mwenzake wa bara anayefungua kopo na kumimina lote akidhani amepunguza. Sasa chukua gramu 30 za karanga zilizotwangwa, kiasi cha vijiko vinne vya mezani. Hizo zina gramu 15 hivi za mafuta na kalori kama 170. Gawa kwa wanne: kila mlaji anapata gramu zinazokaribia 4, yaani zimo katika kipimo tulichokitaja, na kalori ni kama moja ya tano ya zile za krimu. Karanga pia hufanya kazi ya tatu, ya kuupa mchuzi uzito, jambo ambalo mafuta ya chupa hayaliwezi.

Namna ya kuzitumia ndiyo inayowashinda wengi. Kwa gramu 500 za majani yaliyochambuliwa, kaanga karanga kavu juu ya moto mdogo mpaka maganda yaanze kupukutika ukizisugua viganjani. Zipepete, zitwange, na usimame pale unga unapoanza kutoa mafuta na kung'ang'ania mchi. Katika sufuria weka kitunguu na nyanya mbili, funika, viive kwa maji yao vyenyewe bila mafuta. Unga wa karanga usiumwage mkavu, utafanya madonge ambayo hakuna mwiko utakaoyavunja. Ukoroge kwanza na kikombe cha maji vuguvugu uwe kama uji mwembamba, ndipo uumimine. Hapo moto uwe wa chini na mkono usiache kukoroga, kwa sababu karanga hushika sufuria upesi na zikiungua mboga yote itanuka moshi. Mwanzoni mchuzi huumuka povu na kunuka karanga mbichi. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano povu hufa, rangi hukolea, na vitone vidogo vya mafuta hujitokeza pembeni. Vitone hivyo ndivyo ishara. Anayetia majani kabla yake ataula ubichi. Kisha tia majani yaliyochemshwa, chumvi, uache vichemke pamoja kidogo. Epua, kamulia ndimu nusu. Ndimu ni ya lazima kwa aliyezoea maziwa mgando, kwa kuwa anachokikosa mara nyingi ni ule uchachu, na yeye hudhani anakosa maziwa. Ukipata nafasi, ilaze mboga kwenye friji, uipashe kesho yake. Kulala kulikozifaa mboga za maziwa kunazifaa na za karanga.

Wako watakaosema kwamba mnavu bila maziwa si mnavu, na kwamba haya ni mambo ya kuiga ya watu wanaoona haya kula chakula cha bibi zao. Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu liko huko huko magharibi mwa Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuzirudishia mboga za kienyeji hadhi yake, alikulia eneo hilo. Amepata kueleza kwamba utotoni maziwa, mayai na baadhi ya samaki vilimdhuru, madaktari wakashauri aache protini zote za wanyama, na wanawake wa nyumbani kwao wakamlisha mboga za majani. Bibi yake mmoja aliyaunga majani ya maboga kwa karanga au simsim. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi huunga mboga ya malakwang na majani ya kunde kwa odii, lahamu ya karanga na simsim. Tanzania kisamvu cha karanga hakihitaji utetezi, na Kongo kisamvu hicho hicho, huko kiitwacho sombe, huchanganywa na karanga na mafuta ya mawese. Ethiopia, mboga ya majani iitwayo gomen, ile ile ambayo siku za kawaida hupikwa kwa samli, katika siku nyingi za mfungo wa Waorthodoksi hupikwa kwa mafuta ya mimea, wala hakuna anayesema Wahabeshi wameipoteza mila yao. Kwa hiyo mboga ya kuungwa kwa mbegu ni ya bibi zetu kama ilivyo ya maziwa. Iliyo ngeni hapa ni krimu ya pakiti.

Hoja nzito zaidi ni ya kalsiamu. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300, na mtu akiyatoa hawezi kujifariji kwamba majani yatalipa deni lote. Robert Heaney na wenzake, huko Marekani, walipima mwaka 1988 wakakuta mwili hufyonza kiasi cha asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi, wakati ile ya maziwa ni zaidi ya asilimia 27. Sababu ni oksaleti, ambayo huikamata kalsiamu na kuizuia, na mchicha wetu nao una oksaleti nyingi. Lakini miaka miwili baadaye Heaney na Connie Weaver walipima kale, jamaa ya karibu ya sukuma wiki, na ufyonzwaji wake ukayashinda maziwa yenyewe, asilimia 41 kwa 32. Jani si jani tu, na anayeacha maziwa kabisa afadhali aiweke sukuma wiki mezani mara kwa mara. Aidha, maziwa ndani ya mboga yana gharama yake: watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 1991 kwamba kalsiamu ikiliwa pamoja na chuma katika mlo mmoja hupunguza sana chuma kinachofyonzwa, na kwa wanawake na watoto wetu, ambao wengi wana upungufu wa damu, hilo si dogo. Sitazisifu karanga kupita kiasi, nazo zina asidi ya faitiki inayozuia chuma; vitamini C ya ndimu husaidia kupunguza hasara hiyo. Kwa mtu ambaye maziwa hayamdhuru, ushauri wangu ni ayanywe kikombeni, saa nyingine ya siku.

Imebaki sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo ni hatari ya kweli ya karanga. Mwaka 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote, na macho hayaioni. Unachoweza kufanya ni kununua karanga nzima badala ya unga uliosagwa na mtu usiyemjua, kuzimwaga kwenye ungo, na kutupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu. Usiwatupie kuku. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa gramu 30, na ndiyo sababu nyingine ya kupenda mapishi yanayotumia karanga chache.

Kwa asiyeweza kula karanga, simsim hufanya kazi ile ile kwa kipimo kile kile, mradi isikaangwe mpaka ikaiva kupita, maana nayo itakuwa chungu. Na hapa nawaomba jambo moja wapishi wote. Mboga ya maziwa mgeni huitambua kwa macho, lakini karanga zilizotwangwa zikikolea kwenye majani hazionekani, na mzio wa karanga unaweza kuua katika dakika chache. Wapo pia wenye mzio wa simsim. Kabla ya kumpakulia mgeni, mwambie mboga imeungwa kwa nini.